Mrejesho: wale mbawakawa wa samadi ni spishi mbili

Wakuu, niliuliza kama Onthophagus wangu weusi (jenasi ya mbawakawa wa samadi) ni spishi mpya au ni wale wanaojulikana tayari. Aliyesema nisihangaike na pembe, shikamoo! Pembe za dume hutegemea chakula alichokula akiwa buu. Dume mdogo huweza kuonekana kama jike. Jibu lilikuwa kwenye uume. Nilipouchomoa na kuuweka chini ya hadubini, ncha ya mmoja imepinda kama ndoana, ya mwenzake ni butu, na hakuna wa katikati, kwa hiyo ni spishi mbili. Vitobo vidogo vya juu ya kidari navyo vinatofautiana, ila kuviona ni mateso. Sasa naandika maelezo: nachagua holotaipu moja (kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi mpya), naitaja makumbusho itakapohifadhiwa, na picha za ncha zote mbili nazipanga ubavu kwa ubavu.