Nimealikwa kuvua kwa upinde na mishale Minnesota, lakini samaki wanaouawa wanatupwa. Niende au nikatae?

Mtoto wa Mwaloni

Wakuu, habari za majukumu.

Naishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ila nimezaliwa na kukulia Mwanza. Kazini nina rafiki, mwenyeji wa huku, muungwana sana kwangu. Nilipofika ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu. Kila mwezi wa tano yeye na wenzake hutoka usiku kuvua kwa upinde. Wana boti bapa yenye jenereta na taa kali mbele. Mshale umefungwa uzi, ukimchoma samaki unamvuta hadi botini. Mwaka huu kanialika, na kuna mashindano: atakayeleta uzito mkubwa ndiye mshindi.

Kinachonisumbua ni mwisho wake. Juzi nilipita bandarini asubuhi kumpa lifti nikakuta mapipa yamejaa. Kapi, wale samaki wageni walioletwa huku, walikuwa wachache. Wengi walikuwa gaa, wale wenye midomo mirefu iliyojaa meno, na samaki wakubwa wanaowaita bafalo. Mmoja alikuwa juu kabisa, mshale umempita nyuma ya kichwa, bado anafungua na kufunga mdomo. Mgongoni alikuwa na madoa meusi na mengine ya rangi ya chungwa. Nikauliza nani anawala. Nikajibiwa hawa si wa kula, wanakwenda shambani kuwa mbolea.

Nimelelewa kwa pesa ya samaki, kuua samaki hakunitishi. Lakini pipa zima la samaki wa kilo nyingi kufukiwa ardhini ili mtu ashinde, moyo umegoma. Je, nina haki ya kusema kitu kwenye nchi ya watu? Na nikikataa, namwambiaje rafiki yangu bila kumvunjia heshima?

Naomba kuwasilisha.

Kaka Dullah

Mkuu, leseni wanazo? Sheria inaruhusu? Kama ndiyo, nenda ukafurahi na wenzako. Ukianza kuwafundisha wenyeji mambo ya ziwa lao watakuona una makuu. Na mbolea nayo ni matumizi.

Binti Kagera

Kaka Dullah, na heshima zote, sheria kuruhusu jambo hakumalizi swali la mtoa mada. Yeye anauliza kama ni haki.

Mimi nimesomea uvuvi, na huyo bafalo namfahamu. Mtoa mada, yale madoa uliyoyaona huongezeka kadiri samaki anavyozeeka. Mwaka 2019 mtafiti Alec Lackmann na wenzake walichapisha matokeo yaliyowashtua wengi: bafalo mdomo mkubwa mmoja wa huko huko Minnesota alikuwa na miaka 112. Kabla ya hapo iliaminika samaki huyu anaishi miaka 26 tu. Ndani ya kichwa chake kuna vijiwe vidogo vya sikioni. Ukivikata vipande vyembamba unaona pete kama za shina la mti, unazihesabu. Na hawakuishia kwenye kuhesabu. Walilinganisha na kaboni iliyoachwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, hesabu ikakubali.

Kwa hiyo kwenye lile pipa inawezekana kabisa kulikuwa na samaki aliyezaliwa kabla ya babu yako.

Sasa hapa ndipo pazito. Samaki anayeishi miaka 100 hana haraka ya kuzaa kwa mafanikio kila mwaka. Ziwa Rice, ndani ya hifadhi ya Tamarac, bafalo hupanda kila mwezi wa tano kutaga. Mayai yanatagwa, vifaranga wanaonekana, halafu hawafiki utu uzima. Utafiti uliotoka 2024 ulionyesha kwamba kwa zaidi ya miaka 60 hakuna kizazi kipya kilichofanikiwa pale. Karibu samaki wote waliopimwa walikuwa na zaidi ya miaka 50. Mvuvi akimulika taa yake anaona maji yamejaa samaki wakubwa, anasema hawa hawamaliziki. Kumbe anaangalia kijiji cha wazee watupu. Ukiondoa mmoja, hakuna wa kuziba nafasi yake.

Na mshale hauna kumrudisha samaki majini. Mvuvi wa ndoano akikosea aina, anamchomoa na kumwachia. Wa upinde ameshamtoboa. Katika uvuvi wa namna hii, kumtambua samaki ni lazima kutangulie kuvuta uzi wa upinde.

Mshale wa Illinois

Wadau, mimi navua kwa upinde, na naomba msituweke wote kapu moja. Ni uvuvi unaotaka utulivu. Maji yanapinda mwanga, samaki anaonekana juu kuliko alipo, kwa hiyo unalenga chini yake, na hilo halifunzwi kwa siku moja. Huku mtoni Illinois tuna kapi wa fedha, wale wanaoruka hewani wakisikia injini. Waliletwa kutoka Asia miaka ya 1970 kusafisha mabwawa, wakatoroka. Wanakula vijidudu vile vile vinavyomlisha bafalo. Nikimchoma mmoja wa hao nalala usingizi mzuri, na nyama yake naila.

Gaa na bafalo siwagusi. Ni wenyeji wa mito hii kabla ya mtu yeyote, na gaa ana faida yake: kuna kombe wa mtoni ambao watoto wao hawawezi kukua bila kwanza kujishika kwenye mashavu ya samaki huyo. Ukimmaliza gaa, unawamaliza na kombe. Texas waliliona mapema, tangu 2009 yule gaa mkubwa mwenye kichwa cha mamba ni mmoja tu kwa mtu kwa siku.

Ila mtoa mada, usiku, chini ya taa, kapi wa Ulaya na bafalo wanafanana kwa juu. Wote wana pezi refu la mgongoni. Kapi ana ndevu pembeni mwa mdomo, bafalo hana hata moja. Kapi huelekea rangi ya dhahabu, bafalo ni wa kijivu hadi mweusi. Kama huna uhakika, teremsha upinde.

Binti Kagera

Mshale wa Illinois, nakuunga mkono kwa hilo. Niongeze tu kwamba tusijidanganye kuwa upinde utamaliza kapi. Jike mmoja mkubwa hutaga mayai kwa mamia ya maelfu. Nikimsikia mtu anasema anawaua wote, wageni na wenyeji, ili "kusaidia ziwa", namwambia hapana, wewe unashindana.

Wa Naivasha

Sisi Naivasha kapi aliingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hivi, na leo ndiye anayesomesha watoto wa wavuvi wengi. Nashangaa kusikia huko anaitwa takataka na bado bafalo wa kwao anawekwa pipa moja naye. Sheria ya huko haiwatofautishi?

Binti Kagera

Ndugu wa Naivasha, kwa miaka mingi Minnesota iliwaweka kundi moja la samaki duni: kapi aliyeletwa karne ya 19 na bafalo, gaa na bofini waliokuwepo tangu zamani. Mwaka 2024 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwatenga wenyeji na wavamizi. Ni mwanzo. Idadi ya kuruhusiwa kwa siku inapangwa kwenye kanuni, na kanuni hubadilika, kwa hiyo mtoa mada asome za msimu huu. Jambo moja lipo wazi: samaki aliyepigwa mshale haruhusiwi kurudishwa majini wala kuachwa ufukweni. Ndiyo maana ya mapipa.

Mama Zuhura, Memphis

Wanangu, nani kawaambia bafalo haliwi? Huku kusini mbavu za bafalo za kukaanga ni chakula cha heshima, watu wanapanga foleni. Shida yake ni miiba midogo midogo ndani ya mnofu. Toa mnofu, ulaze ngozi chini, chanja kwa kisu kikali mikato iliyokaribiana sana, ifike karibu na ngozi bila kuikata. Chumvi, ndimu, pilipili manga, unga wa mahindi kidogo, kisha kwenye mafuta yaliyochemka vizuri. Miiba inalainika, huisikii.

Gaa pia analiwa, nyama yake nyeupe, ngumu kiasi. Lakini MAYAI YAKE NI SUMU kwa binadamu. Usionje, usimpe hata paka.

Mzee wa Musoma

Kijana, nimesoma yote. Sisi kwetu tulikuwa na ningu. Mvua zikianza alikuwa anapanda mito kutaga, makundi kwa makundi. Watu wakatega nyavu mdomoni mwa mto, mahali anapopita akiwa na mayai tumboni. Leo kijana wa Musoma anaweza kufika miaka ishirini hajamwona ningu sahani mwake. Na furu, tuliokuwa tukiwaona wa kuwapa bata, sangara alipozidi miaka ya 1980 aina nyingi zikapotea kabla hazijapewa hata jina. Kwa hiyo haki ya kusema unayo, umetoka kwenye ziwa lililopata hasara hiyo.

Namna ya kusema: usimwambie mbele ya wenzake. Mwalike kwako, mpikie samaki. Mweleze ulichokiona na umri wa yule samaki. Mtu aliyekufundisha kuendesha kwenye barafu si mtu wa kukukasirikia kwa hilo.

Mtoto wa Mwaloni

Shikamoo Mzee wa Musoma, na asanteni wote.

Nimefanya hivyo. Nilipata bafalo dukani kwa Wachina, nikapika kwa maelekezo ya Mama Zuhura. Rafiki yangu alikula vipande vitatu kabla sijamwambia ni samaki gani. Habari ya miaka 112 aliisoma mwenyewe kwenye simu, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema baba yake ndiye aliyemwambia samaki hao wanaharibu ziwa.

Mashindano nimekataa, naye kaelewa. Mwenyewe bado atashiriki kwa sababu alishalipia, ila kasema atapiga kapi tu. Wenzake hawajakubali kitu. Tumekubaliana mimi na yeye tutoke mchana wa Jumapili, kapi peke yake, na kila tutakayempata tunakula.

Mshale wa Illinois

Safi. Kata leseni kabla ya Jumapili, hata kwa upinde inatakiwa. Na vaa miwani ya kuzuia mng'ao wa maji. Bila hiyo ndevu za kapi hutaziona.