Je, kumaliza deni la mkopo wa simu kunasafisha jina katika CRB (kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu)?

Nafula: Ndugu zangu, mdogo wangu ana duka la vipuri vya pikipiki hapa Bungoma. Kwa muda mrefu alikopa kwa programu za simu, mkopo mmoja ukilipa mwingine. Sasa amemaliza madeni yote, ila mawili yalichelewa kwa miezi kadhaa. Anataka mkopo wa benki anunue ploti. Je, jina lake limesafika?

Omari: Dada Nafula, kulipa hubadilisha hali ya deni, lakini hakufuti historia yake. Taarifa ya mkopo ulioshindikana kulipwa huhifadhiwa miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa, kwa hiyo kila mwezi wa kuchelewa huisogeza mbele siku ya kufutwa kwake. Hapo ndipo vijana wengi wanapoumia, na inanisikitisha sana, kwa sababu mkopo wa shilingi 3,000 wa mwezi mmoja humfuata mtu hadi siku anapotafuta fedha za kujenga. Hata hivyo, Benki Kuu imesisitiza kwamba kuorodheshwa peke yake si sababu ya kumnyima mtu mkopo, ingawa benki inaweza kumpandishia riba.

Chebet: Kabla ya kwenda benki, aombe ripoti kutoka CRB za TransUnion, Metropol na Creditinfo, kwa kuwa ana haki ya kupata moja bila malipo kila mwaka. Mikopo yake huenda haimo yote: mwaka 2020 wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa walizuiwa kupeleka majina, na madeni yasiyofika shilingi 1,000 yaliondolewa. Akikuta deni alilolipa bado linaonyeshwa kuwa halijalipwa, alipinge kwa maandishi na aambatanishe ujumbe wa malipo.

Wafula: Mimi naona mazoea ya kulipa mkopo kwa mkopo ni hatari kuliko hayo mawili yaliyochelewa. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30, na anayerudia mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa ada ya asilimia 90, huku rekodi yake ikionekana safi na duka likizidi kudhoofika. Nafula, usimshauri aache kukopa kabisa, maana malipo mazuri nayo huandikwa. Ajiunge na SACCO (chama cha akiba na mikopo), achukue mkopo mdogo wa mwaka mmoja, aulipe kwa tarehe zake, na ombi la ploti lisubiri hadi hapo.