Mrejesho: Asha la Kihindi na Asha la kwetu

Asanteni sana wote mlionijibu. Kwa ambao hawakuliona swali: niliuliza kama Asha, jina ambalo wakwe zangu Wagujarati walimpendekezea binti yetu, ndilo hili hili Asha la bibi zetu wa Pwani.

Ni majina mawili yenye asili tofauti kabisa. La kwao ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, maana yake tumaini, na hadi leo ni neno la kawaida katika Kihindi na Kigujarati. Kinyume chake ni nirasha, yaani kukata tamaa. Wenyewe huvuta irabu zote mbili, Aashaa, kama jina la mwimbaji Asha Bhosle, aliyezaliwa 1933. Letu limetokana na Aisha la Kiarabu, jina la mke wa Mtume, na mzizi wake ni kuishi, ule ule uliotupa "maisha". Tumaini na uhai! Mimi naona mtoto amebarikiwa mara mbili.

Kuna aliyetaja asha ya Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi. Hiyo ni ya Kiavesta, lugha ya maandiko yao, maana yake ukweli na mpangilio wa ulimwengu, na ndugu yake katika Kisanskriti ni rita. Haihusiani na hili la tumaini, ingawa watu wengi huyachanganya.

Basi tumekubaliana, anaitwa Asha. Mama yangu ameshaanza kumwita Bi Asha, na wakwe wanalivuta jina wanavyopenda. Kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa bila irabu za ziada, na pande zote mbili zimeridhika.