Nakimbia kilomita 21, mita 25 za bwawa zimenishinda

Mbio_Ndefu:
Habari wakuu. Nina miaka 36, nakimbia tangu sekondari, na mwaka huu nimemaliza nusu marathoni ya Kilimanjaro kwa saa 1 na dakika 44. Miezi miwili sasa mimi na mke wangu tunajifunza kuogelea hapa Dar, Jumanne na Alhamisi. Yeye ni fundi cherehani, hajawahi kukimbia hata kilomita moja. Tulianza siku moja, kwa mwalimu mmoja. Yeye anavuka bwawa zima, mita 25, akipumua vizuri. Mimi nikifika katikati miguu imeshazama, nahema kuliko nilivyohema Moshi. Mwalimu anasema inua kiwiko, legeza kifundo, zungusha bega, piga mguu kuanzia nyongani. Nikikumbuka kiwiko, mguu umeshapotea. Nakosea wapi? Mwanangu wa miaka 6 anaanza maji Desemba na nataka niwe naye ndani, si ukingoni.

Mwalimu_wa_Maji:
Pole kaka. Nimefundisha watu wazima miaka 11, kwanza Tanga, sasa Dar, na wakimbiaji ndio wanaonichukua muda mrefu. Pumzi unayo. Ila kifundo chako kimezoea kukaza ili kikurushe mbele barabarani, na majini kifundo kigumu ni breki. Boya lako ni mapafu, liko kifuani. Miguu yenye misuli haina boya. Ukiinua kichwa kutafuta hewa, nyonga zinashuka. Ukihisi zinashuka unaongeza mateke, na mapaja yanamaliza hewa yote.

Hayo maagizo manne kwa mkupuo yananiuma, maana walimu wengi tunafanya hivyo. Miaka ya 1920 huko Moscow, mwanasayansi wa mwendo wa mwili Nikolai Bernstein aliwapiga picha mafundi wakigonga nyundo. Nyundo ilifika palepale, lakini bega, kiwiko na kiganja havikupita njia ileile mara mbili. Kiungo kimoja kikiteleza, kingine kinafidia. Mwili hupanga viungo wenyewe ukijua unachotaka kufanya. Mwaka 1998 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu kwenye mashine ya kuiga mwendo wa kuteleza thelujini: waliofikiria magurudumu ya mashine walijifunza vizuri kuliko waliofikiria miguu yao. Basi acha kufikiria mkono. Fikiria kusukuma maji nyuma.

Wiki mbili usijaribu kuvuka bwawa. Zamisha uso, puliza mapovu hadi yaishe. Kisha sukuma ukuta, nyooka, teleza bila kupiga chochote, uhesabu umevuka vigae vingapi. Ukichoka na hilo, ogelea kidogo ukiwa umefunga ngumi, kisha mkono mmoja, kisha polepole mno. Siku hiyo utaonekana unaharibu, lakini kinachojifunzwa kwa kuchanganya hakipotei upesi.

Kijana_wa_Eldoret:
Tazama video mkuu. Mkenya Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa video, akawa bingwa wa dunia Beijing 2015 kwa mita 92.72.

Mwalimu_wa_Maji:
Yego namheshimu sana, lakini alikuwa anarusha tangu shuleni. Alipotazama video, mkono wake ulishaujua mkuki. Huyu kaka bado hajayajua maji.

Netiboli_Daima:
Mimi nilicheza netiboli hadi chuo na nilijua kuogelea kwa wiki tatu. Tusiseme wanamichezo wote ni wagumu.

Mwalimu_wa_Maji:
Kweli dada, nakubali. Netiboli ina kugeuka na kusimama ghafla, mwili wako umezoea kubadilika. Mbio ndefu ni mwendo mmoja mara elfu nyingi.

Mbio_Ndefu:
Narudi baada ya wiki mbili. Kuteleza nilianza na vigae 9, sasa nafika 21. Alhamisi niliogelea mita 18 bila kuhema.

Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza mke wangu huwa anafikiria nini akiwa majini. Akasema, "Kitambaa. Ukikivuta, sindano inavunjika. Unakiongoza tu, mashine inakipeleka yenyewe." Miaka 14 amekanyaga cherehani ya miguu, mguu una mapigo yake, mikono ina yake, na mimi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba hajawahi kufanya mazoezi. Jumanne nimemwomba atangulie, nimfuate nyuma nikitazama miguu yake.