Mrejesho: jedwali la konstrakti lililokuwa linatoa majibu mepesi

Asanteni sana kwa majibu. Swali lilikuwa: kwa nini jedwali la mwanasaikolojia George Kelly, aliyeeleza mwaka 1955 nadharia ya konstrakti binafsi (jozi za sifa zinazopingana ambazo mtu huzitumia kuwaelewa watu), linaishia kwenye "mrefu–mfupi" na "mwema–mbaya" bila kumfungua mteja wa ushauri nasaha?

Kosa lilikuwa kwenye swali la watu watatu, ambapo mteja hutajiwa watatu anaowajua na kuulizwa wawili wapi wanafanana na kutofautiana na wa tatu. Kuuliza tu "wawili wapi wanafanana?" huleta sura na kazi zao. Ukiongeza "kwa tabia, au kwa namna wanavyokufanya ujisikie", majibu yanapata uzito. Kisha ncha ya pili, yaani kinyume cha sifa aliyoitaja, lazima itoke kwa mteja mwenyewe. Kinyume cha "mpole" kwake kinaweza kuwa "anayeheshimiwa", wala si "mkali". Ukimwandikia "mkali" umeshapoteza jambo lenyewe lililomleta. Na aliyeshauri tusikimbilie kumbadilisha alikuwa sahihi kabisa: kama upole ndio unaomfanya ajione mtu mwema, ataona kujitetea ni kupoteza utu.

Kwenye jedwali, watu 10 wanatosha, wakiwemo "mimi wa sasa" na "mimi ninayetaka kuwa". Bila hao wawili hakuna cha kulinganisha. Kila mtu hupewa alama ya 1 hadi 7 kati ya ncha mbili za kila konstrakti, na konstrakti isipomhusu mtu fulani, kisanduku kiachwe wazi, maana 4 ya kulazimisha hupotosha.

Kupanda ngazi, yaani kuuliza tena na tena "ungependa kuwa upande upi, na kwa nini?", kunafaa, ila majibu yakianza kujirudia, simama. Hapo umefika kwenye konstrakti za msingi, zile zinazobeba utu wake, na ukisukuma zaidi mteja huingiwa na hofu na kujifunga.