Majaribio yanapita kwangu, kwenye seva yanafeli ovyo. Nianzie wapi?

mleta_uzi:
Wakuu, heshima kwenu. Tuko watatu, tunatengeneza programu ya wavuti ya kupokea oda. Tuna majaribio 140 ya Playwright (zana inayobonyeza na kukagua kurasa yenyewe, kama mtumiaji), yote yanafungua kivinjari. Kwenye kompyuta yangu yanapita. Kwenye seva inayoyaendesha kila tukituma msimbo mpya (code), hayakosi mawili matatu ya kufeli, na leo si yale ya jana. Tumezoea: ikiwa nyekundu (kuna lililofeli), tunaendesha tena mpaka iwe kijani.

Wiki iliyopita mazoea hayo yametuumiza. Kitufe cha kuthibitisha oda kilikuwa kinatuma ombi mara mbili. Jaribio lilifeli, tukasema "ndiyo kawaida yake", tukarudia, likapita. Wateja wakapata oda mbilimbili. Mwenzangu anataka tuyafute yote. Mengi yameandikwa hivi:

`await page.getByText('Hifadhi').click();`
`await page.waitForTimeout(2000);`

halafu ndipo linaangalia kama neno "Imehifadhiwa" lipo. Naombeni ushauri, natanguliza shukrani.

mpimaji:
Msifute kitu, mkuu. Jaribio lilikamata kosa, ninyi ndio hamkulisikiliza.

Tatizo la kwanza ni hizo sekunde 2 za `waitForTimeout(2000)`. Kompyuta yako inamaliza kuhifadhi kabla hazijaisha, seva iliyolemewa haimalizi. Na usiziongeze ziwe 5: sekunde 3 za ziada mara 140 ni dakika 7 za kukaa bure, na siku seva ikizidiwa utafeli vilevile. Futa mstari huo, weka:

`await expect(page.getByText('Imehifadhiwa')).toBeVisible();`

Huu unaangalia tena na tena hadi sekunde 5 usipobadilisha mpangilio, na neno likitokea tu unaendelea.

mzee_wa_seva:
Naongezea swali. Data ya majaribio mnaiandaaje?

mleta_uzi:
Akaunti moja tu, na oda zinaingizwa mara moja mwanzoni.

mzee_wa_seva:
Basi ugonjwa mkubwa uko hapo. Playwright huendesha mafaili kadhaa kwa wakati mmoja, msipoweka kikomo. Jaribio hili linafuta oda, lile linazihesabu, na wote wameingia kwa akaunti ileile. Nahisi kwako unaendesha faili moja moja, ndiyo maana huoni kitu.

Kila jaribio lijitengenezee mtumiaji wake na oda zake kabla ya kuanza, barua pepe iwe na namba ya kubahatisha ndani yake. Kuna watakaokwambia ufungue muamala kwenye hifadhidata (kundi la mabadiliko yanayothibitishwa au kufutwa kwa pamoja) kisha uurudishe nyuma mwishoni. Hiyo ni nzuri kwa majaribio yasiyopita kwenye kivinjari. Kivinjari kinaongea na seva yenye muunganisho wake yenyewe, na rekodi ambazo hazijathibitishwa haizioni.

fundi_wa_nyuma:
Mimi nauliza kwa nini yote 140 yapite kwenye kivinjari. Kukagua kama barua pepe imeandikwa sawa, au punguzo limekokotolewa sawa, ita moja kwa moja ile fankisheni (kipande cha msimbo kinachofanya kazi hiyo), inajibu kwa milisekunde. Kivinjari kibakie na njia ambazo zikikatika biashara inasimama: kuingia, kuweka oda, kulipa.

Na hilo la oda mbilimbili, jaribio lisiishie kuona ujumbe wa mafanikio. Bonyeza kitufe mara mbili harakaharaka, kisha hesabu rekodi, iwe moja. Kwenye hifadhidata nako weka kizuizi ili ombi lilelile likija mara ya pili likataliwe.

mpimaji:
Kurudia si dhambi, ila kusiwe kwa mkono. Kwenye mpangilio wa Playwright weka `retries: 1` na `trace: 'on-first-retry'`. Lililofeli kisha likapita, ripoti italitenga peke yake, na utapata rekodi ya kila hatua ya marudio hayo. Orodha hiyo awe nayo mtu mmoja kila wiki, aipunguze.

mleta_uzi:
Nimerudi, wakuu. Mzee, ni kweli, kwangu nilikuwa naendesha faili moja moja. Leo nimeendesha faili la oda kwenye seva kwa `--repeat-each=20`, yaani kila jaribio mara 20. Jaribio la kufuta oda limefeli mara 6 kati ya 20. Nimelitengenezea kila jaribio la faili hilo mtumiaji wake, nikaondoa kusubiri kote, nikarudia: 0. Mwenzangu ameyaona mwenyewe, sasa ameshika faili la malipo.