Programu niliyoiandika mwenyewe imeruka picha 212 za harusi. Nirekebishe wapi?

Kamera ya Ngamiani

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Tanga, mwaka wa 13 sasa. Kuandika programu sikusomea. Nilianza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, mwaka 2019, baada ya diski kuanguka kutoka mezani na kuninyima usingizi wiki nzima, nikaandika programu ndogo nikaiita Ghala. Nikichomeka kadi, inasoma tarehe ambayo kamera imeiandika ndani ya kila picha, inafungua folda ya siku hiyo, inanakili kwenye diski mbili, kisha inatoa hesabu. Imenitumikia miaka yote hiyo na nimeiamini kama ninavyoiamini kamera yenyewe.

Desemba nilikuwa na harusi ya Chumbageni. Upande wa wanaume nilipiga mimi. Upande wa wanawake, nyumbani kwa bibi harusi, alipiga mpwa wangu, binti wa dada yangu, kwa kamera ya aina ileile kama yangu. Usiku nikachomeka kadi yangu, kisha yake. Ghala ikaandika: "1584 zimenakiliwa, 212 tayari zipo." Nikalala.

Wiki iliyopita mama wa bibi harusi alikuja dukani. Nyanya yao alifariki Februari, na anataka picha moja tu: ile ya bibi kizee kamshika mjukuu wake kichwani akimwombea dua kabla hajatoka nyumbani. Nikafungua folda. Hakuna. Picha za mpwa zinaanzia njiani kuelekea ukumbini. Chumba cha hina, wanawake wa nyumba, nyanya, vyote havipo.

Nimekaa na hesabu hadi saa nane usiku ndipo nikaelewa. Picha zangu zilikwenda kutoka DSC_3105 hadi DSC_4260. Za mpwa zilianza DSC_4049 hadi DSC_4688. Kutoka 4049 hadi 4260 ni majina 212 yaliyogongana, na ndani ya Ghala kuna mstari niliouandika kwa mkono wangu: kama jina lipo kwenye folda, ruka. Niliuweka kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi nilitaka niendelee pale nilipoishia. Sikufikiria kamera mbili siku moja.

Kadi ya mpwa ilifomatiwa kesho yake, akapigia akika moja, picha kama 150. Baadaye akabadilisha kadi, hiyo ikabaki kwenye mkoba wake.

Naomba msaada wa mambo mawili. Picha nizitambue kwa nini, kama si kwa jina? Na nitajuaje ni siku gani nyingine Ghala imenifanyia hivi? Nina terabaiti 4 za kazi za watu.

Dada wa Magomeni

Kaka, pole sana. Kabla ya programu, kadi! Isirudi kwenye kamera tena. Hata kuifungua tu kwenye kompyuta, kwanza sukuma kile kitufe kidogo cha pembeni kiwe kwenye kufuli.

Kufomati ndani ya kamera mara nyingi hufuta orodha ya mafaili tu, picha zenyewe hukaa palepale mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Shusha PhotoRec, ni ya bure. Haijali orodha, inapita kwenye kadi nzima ikitafuta mwanzo wa kila picha. Picha zitakazopatikana zielekeze kwenye diski nyingine, usizirudishe kwenye kadi hiyohiyo. Zitatoka na majina ya ajabu, lakini tarehe na saa za ndani ya picha zitakuwepo.

Nikuambie ukweli usijenge tumaini kubwa. Kadi iliyofomatiwa kwa kawaida huanza kuandikwa upya mwanzoni, na zile picha za nyumbani kwa bibi harusi ndizo zilikuwa mwanzoni. Akika imekula 150 hivi. Kinachoweza kuwa hai ni mkia wa zile 212, kama 60. Ila dua ya kutoka nyumbani huwa mwisho, siyo? Ijaribu leo.

Otieno wa Kisumu

Pole ndugu. Mimi ningekushauri uache kuandika yako, utumie rsync, programu ya kunakili mafaili. Iko tangu 1996, imepimwa na watu wengi kuliko programu ya mtu mmoja. Haiangalii jina peke yake, inalinganisha pia ukubwa wa faili na wakati lilipobadilishwa.

Mtunza Kanda

Nawasalimu wote. Mimi nilitunza kanda za sauti redioni mpaka nilipostaafu Unguja, na siku hizi nasaidia watu kupanga mafaili yao.

Mwanangu Otieno, rsync naipenda na naitumia, ila hapa ingeumiza vilevile. Ingeona DSC_4049 ya binti inatofautiana kwa ukubwa na DSC_4049 ya mjomba, ingeandika mpya juu ya ya zamani. Zingepotea za wanaume badala ya za wanawake. Ugonjwa uko kwenye jina. Kamera inahesabu mpaka 9999 kisha inarudi 0001, kwa hiyo hata mwenye kamera moja atakutana na majina haya tena.

Sasa wewe wa Ngamiani. Picha itambue kwa yaliyomo. Python ina kifurushi cha hashlib ndani yake, hulipi wala hushushi kitu. Ipe faili lote, ikutolee SHA-256, herufi na tarakimu 64. Baiti moja ikibadilika, karibu zote 64 zinageuka. Hiyo ndiyo alama ya kidole ya picha. "Tayari ipo" iandikwe pale tu alama mbili zikilingana. Jina likilingana na alama zikatofautiana, hizo ni picha mbili, zihifadhi zote na programu ikupigie kelele.

Kisha badilisha majina ya ghalani. Mimi ningeweka tarehe na saa, namba ya mwili wa kamera, jina la zamani, na herufi nane za mwanzo za ile alama. Saa peke yake haitoshi, maana ukipiga mfululizo unapata picha kadhaa ndani ya sekunde moja. Namba ya kamera utaisoma kwa ExifTool, programu ya kusoma maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya picha, ambayo inazijua kamera nyingi za zamani zinazoificha mahali pake pa kipekee.

Kuhusu umeme, ule mstari wako ulikuwa na hatari nyingine ambayo hujaitaja. Umeme ukikatika picha ikiwa nusu, nusu hiyo ilibaki diskini ikiwa na jina kamili, na ulipoanza tena Ghala iliruka ikidhani ipo. Nakili kwanza kwa jina la muda, sema liishie na "bado". Soma tena, linganisha alama, ndipo ulipe jina lake halisi. Na usihakiki sekunde ileile uliyomaliza kunakili, kompyuta inaweza kukusomea kutoka kwenye kumbukumbu yake badala ya diski. Chomoa diski kwa utaratibu, chomeka tena, ndipo uhakiki.

Kazi za zamani utazikagua hivi: panga picha zote kwa namba ya kamera, kisha tafuta mapengo kwenye hesabu. Picha uliyoifuta mwenyewe itaacha pengo la moja au mbili. Pengo la 40 kwa mkupuo, siku ambayo kamera mbili zilifanya kazi, hilo lifuatilie. Diski inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde itamaliza terabaiti 4 kwa kama saa 11. Iache usiku, na laptopu iwe na betri.

Halafu diski zako mbili zinakaa wapi? Kama ni kabati moja, huna mbili. Mpiga picha Peter Krogh wa Marekani ndiye aliyetufundisha kuhesabu nakala tatu, aina mbili za vyombo, na moja iliyo mbali na nyumba.

Kamera ya Ngamiani

Shikamoo mzee. Dada, Otieno, asanteni. Nilikaa siku nne kimya kwa sababu nilikuwa kazini.

PhotoRec imetoa picha 58 za upande wa wanawake. Nyanya yupo kwenye tatu. Ile ya mkono kichwani imekatika chini, robo ya picha ni kijivu, lakini uso wake na mkono wake vimesalimika. Nimeichapa nikaipeleka mwenyewe Chumbageni, nikamweleza mama kwamba kosa lilikuwa kwenye programu yangu na kwamba 154 nyingine hazirudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaiita nyumba nzima ije itazame.

Ukaguzi wa zamani umeonyesha siku mbili za kutiliwa shaka, zote mpwa alikuwepo. Moja kadi yake haikuwa imefomatiwa, nimezipata zote 37. Nyingine, ya Muheza, bado naitafuta, na wenyewe nimeshawapigia simu.

Mzee, alama nimeweka, na jina la muda nimeweka. Kwenye menyu ya kamera ya mpwa nimekuta unaweza kubadilisha zile herufi tatu za mwanzo, sasa picha zake hazianzi na DSC. Diski zilikuwa kabati moja kama ulivyosema. Ya tatu nimenunua, itakaa kwa dada yangu Pangani, na kila nikienda nabadilishana naye.

Swali limebaki moja: nikihariri picha ghafi, programu ya kuhariri inaandika mabadiliko kwenye faili dogo la pembeni. Hilo faili linabadilika kila siku. Nalo nilipe alama, au nihifadhi kila toleo lake?